Tanuri Lililozibwa Pua

Mke wa Seremala alianza kutengeneza shanga za kioo kabla hajawa mke wa mtu, na mtaani walimwita Fundi Shanga hata mbele ya mumewe, ambaye naye alikuwa fundi, tena wa mbao, tena mwenye maneno. Seremala hakukasirika. Alisema nyumba yenye mafundi wawili haikosi kitu ila kiti kizima.

Kazi ya shanga ilifanyika uani, chini ya paa la bati. Palikuwa na meza, mtungi wa gesi, ndoo za vipande vya chupa, na tanuri. Tanuri lilijengwa kwa matofali, lilimfika Fundi Shanga kifuani, na lilikuwa na mlango wa chuma na matundu matatu. Tundu la chini liliingiza hewa kwenye moto wa gesi. Tundu la juu lilitoa moshi. La ubavuni lilikuwa la kuchungulia, linatosha jicho moja lisilo na haraka.

Wateja wake waliamini kazi ya shanga ni ile ya mezani, pale anapokizungushia kijiti cha chuma kioo kilichoyeyuka kama asali mpaka kinakuwa tonge. Yeye alisema hiyo ni nusu ya kazi, na ni ile nusu rahisi. Ushanga ukiachwa upoe upesi, ngozi yake hukaza huku ndani bado kuna moto, na kuanzia hapo unabeba ugomvi ndani kwa ndani. Utauvaa leo vizuri, kesho utapasuka wenyewe shingoni mwako bila hata kuguswa. Dawa yake ni tanuri: shanga zikae humo kwenye joto la wastani mpaka zitulie, kisha zipoe taratibu hadi kesho yake.

"Nazilaza," alikuwa akisema, kama mtu anayezungumzia watoto.

Na katika kuzilaza kulikuwa na mambo ya hewa. Rangi ya feruzi, ile bluu inayoelekea kijani, aliipata kwa unga wa shaba aliyoichoma kutoka kwenye nyaya mbovu za umeme. Shaba ni kigeugeu. Moto ukipata hewa ya kutosha, feruzi inabaki feruzi. Moto ukinyimwa hewa unashikwa na njaa, na mwenye njaa hachagui: unaikwapua hata ile hewa iliyoshikamana na shaba kwenye kioo. Ushanga unaingia tanurini na rangi ya feruzi, unatoka na ngozi ya kahawia nyekundu kama ini. Haupasuki, haubomoki. Ni ini tu, na hakuna aliyewahi kuagiza ini la kuvaa.

Kwa hiyo Fundi Shanga alikuwa na sheria moja kwa kila aliyeingia uani pale. Tanuri lina pua. Usilizibe pua.

Mwaka mmoja kabla ya mambo haya, Seremala alipata kiharusi. Mguu ulirudi. Maneno yalirudi, yote, bila kupungua hata moja. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikuwepo, lakini ulikaa kama mgeni sebuleni asiyejua kama ameshakaribishwa. Hospitali wakampa mpira wa kubinya. Akaubinya siku mbili, siku ya tatu akasema hakusomea kukamua mpira, akauweka dirishani. Randa na patasi zikafungiwa sandukuni. Mwenyewe akahamia kwenye kigoda karibu na tanuri, akajiteua kuwa mkaguzi wa kazi ya mkewe.

"Joto linatoka pale juu," alisema siku moja.

"Linatoka."

"Linatoka bure."

"Halitoki bure, Baba. Linatoka na moshi."

"Kwa hiyo tunapasha moto mawingu."

Fundi Shanga alikuwa na kioo kinachotiririka mkononi, na kioo kinachotiririka hakingoji mtu amalize mabishano. Hakujibu. Mumewe akachukua ule ukimya kuwa ni ruhusa, kama wanaume wengi wanavyofanya.

Wiki ile ile Fundi Shanga alisikia sauti ambayo uani pale ilikuwa imesahaulika: msasa juu ya mti. Akachungulia. Seremala alikuwa amebana kipande cha mti mgumu kwenye jiliwa, anachonga kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ameutandaza juu ya mti ili uzuie. Unateleza, anaurudisha. Unateleza tena, anautukana kwa sauti ya chini, anaurudisha. Alichonga hivyo siku kadhaa, na hakuna aliyeruhusiwa kusogea.

Kilichozaliwa kilikuwa kizibo. Kilikuwa cha mviringo, kimevikwa bati upande wa motoni, na kishikio chake kimechongwa kichwa cha ndege. Ndege alikuwa amepinda shingo kidogo.

"Ana kiharusi," Seremala alieleza.

Akakichomeka kwenye tundu la juu. Kiliingia kama kilichotumwa huko na mama yake.

Fundi Shanga akatazama moto. Ulikuwa bluu, mnyoofu. Ukaanza kuyumba, ukawa manjano, ukatoa ulimi mrefu unaotafuta. Alijua kila kitu pale pale. Kisha akamtazama mumewe: jasho hadi kidevuni, unga wa mbao umejaa kwenye vinyweleo vya mkono wa kulia, ule ambao kwa mwaka mzima haukuwa umeshika hata kijiko.

"Kizuri," akasema.

Hilo ndilo lililokuwa kosa. Ukimsifia mgema, tembo hulitia maji. Seremala aliposifiwa, alitengeneza kizibo cha pili, cha tundu la ubavuni. Na alipoona cha pili nacho kimepokewa kwa heshima, akatengeneza cha tundu la chini, ila hicho alikitoboa katikati ili moto usizimike kabisa, kwa sababu, alisema, yeye si mjinga.

Katikati ya hayo akaja Wifi Mkubwa, dada yake Seremala. Alikuwa mkunga mstaafu, na alizungumza na kila mtu kana kwamba mtu huyo yuko katikati ya uchungu na anakataa kusukuma.

"Naolewa Jumamosi ya wiki ijayo," alitangaza mlangoni. "Anayetaka kucheka acheke sasa."

Alikuwa mjane wa miaka mingi, na bwana harusi alikuwa dereva mstaafu mpole asiyesikia vizuri, jambo ambalo watu waliona litasaidia. Hakuna aliyecheka.

"Nataka shanga za feruzi, mkufu wa mizunguko miwili, kama gauni. Gauni limeshashonwa, halibadiliki. Bwana harusi anaweza kubadilika, gauni haliwezi."

"Utazipata, wifi."

"Najua nitazipata. Nakwambia rangi."

Fundi Shanga akazisokota zote kwa moyo mmoja, akaziingiza tanurini zikiwa na rangi ya feruzi safi. Mumewe alipoingia ndani kunywa maji, yeye alivilegeza vizibo. Aliporudi, Seremala akakagua, akaona vimelegea, akavigonga vikakaa sawasawa. "Vinataka kuzoea," akasema.

Wifi Mkubwa alifika kesho yake wakati mlango wa tanuri ndio kwanza unafunguliwa. Aliinama, akatazama, akavaa miwani, akatazama tena.

"Wifi."

"Naam, wifi."

"Hili ni ini."

"Naliona."

"Mimi nimezalisha watu maisha yangu yote, rangi hii naijua. Sikuiagiza." Akazunguka tanuri. "Na haya mavidude yenye vichwa ni nini?"

Seremala alikuwa amepelekwa dukani na jirani. Fundi Shanga akamweleza yote: njaa ya moto, shaba, pua tatu zilizozibwa. Wifi Mkubwa akasikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakulizoea.

"Basi umwambie."

"Siwezi."

"Nitamwambia mimi. Nimemlea yule, nimemfuta makamasi. Akirudi tu."

"Wifi, mkono unafanya kazi."

"Mkono gani?"

"Ule."

Wifi Mkubwa akakinyanyua kizibo chenye ndege wa shingo iliyopinda, akakigeuzageuza, akapitisha kidole pale patasi ilipoteleza na pale msasa ulipojaribu kuficha.

"Amechonga huyu?"

"Amechonga. Nikimwambia vizibo ni kosa, atarudi kwenye kigoda. Namjua. Ataufungia na ule mkono sandukuni."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo. Upande mmoja mkufu wa wifi, upande wa pili mkono wa mume, na tanuri moja lisilotaka kusikia habari za kuwaridhisha wote.

"Wewe ndiye fundi," Wifi Mkubwa alisema hatimaye, akikirudisha kizibo polepole kuliko alivyokichukua. "Lakini mimi siolewi na ini shingoni. Upendo una mipaka."

Fundi Shanga akasokota shanga upya. Mpango wake ulikuwa wa kitoto, na alijua. Seremala alikuwa na zamu ya kutembea: asubuhi mpaka kona, kurudi, kama daktari alivyoagiza. Akitoka tu, mkewe anang'oa vizibo vyote vitatu, moto unapumua, unakuwa bluu. Akisikia fimbo yake getini, anavirudisha. Siku ya majaribio, kwa shanga chache tu, mambo yalikwenda vizuri, isipokuwa mumewe alimuuliza kwa nini anahema wakati aliyekwenda kutembea ni yeye.

Siku ya kazi yenyewe, Seremala alikwenda na kurudi. Vizibo vilikuwa mahali pake. Akaketi kigodani, akalitazama tanuri kwa ridhaa ya mwenye mali, kisha akanyoosha mkono kumpapasa ndege kichwani, kama alivyozoea.

Akauacha mkono pale muda mrefu.

"Mama."

"Abee."

"Tanuri ni la moto."

"La moto."

"Kizibo ni cha baridi."

Fundi Shanga akaendelea kupanga vijiti vya chuma vilivyokwisha kupangwa.

Seremala akakichomoa kizibo, akaligusa bati lake kwa ncha ya kidole. Baridi. Akakichomoa cha ubavuni. Baridi. Mtu aliyeishi na mbao miaka yote hahitaji kuelezwa maana ya mti uliokaa motoni ukatoka baridi. Ulikuwa haujakaa motoni. Moto wa chini, kwa kupata pumzi, ukanyooka ukawa bluu mbele ya macho yake, na yeye akautazama. Akakirudisha kizibo, ukawa manjano. Akakitoa, bluu. Akafanya hivyo mara kadhaa, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

"Lile ini la dada," akasema.

"Ndiyo."

"Ni mimi."

"Ni moto. Ulikosa hewa."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu cha kwanza. Ulipokichomeka tu."

"Ukasema kizuri."

"Ni kizuri."

"Mwanamke wewe! Nimetengeneza vizibo vitatu vya tanuri lisilotaka hata kimoja! Si ungeniambia kile cha kwanza?"

"Ningekwambia cha kwanza," Fundi Shanga alisema, "kusingekuwa na cha pili."

Seremala akafungua mdomo. Maneno, yale ambayo hata kiharusi hakikuyapunguza, hayakuja. Akauangalia mkono wake wa kulia. Ulikuwa umemshika ndege shingoni, umekaza, na hakuna aliyekuwa ameuomba ufanye hivyo.



"Lakini vizibo linavitaka," mkewe akasema baadaye. "Nikizima gesi, matundu lazima yazibwe, joto lisikimbie. Mimi huwa nasukumia vipande vya matofali."

"Nimeviona. Aibu."

"Sasa ndio umepata kazi ya vizibo vyako."

Seremala akakipima kizibo kwa jicho, akalipima tanuri, akatikisa kichwa. "Hapo moto umeshalala lakini ukuta bado unachoma. Bati litazuia kidogo, mti utaungua kidogo kidogo."

"Kidogo tu."

"Mimi sikuchonga kitu kiungue kidogo tu." Akafikiri. "Udongo unao?"

Udongo ulikuwepo, ule wa kupaka vijiti vya chuma ili kioo kisigande, na mwingine mgumu wa kuziba nyufa. Jioni ile, gesi ilipozimwa, matundu yalizibwa kwa vipande vya matofali kama zamani, na Seremala hakuvitazama. Alikuwa amekaa mezani pa mkewe, vizibo vya mti mbele yake kama kipimo, anakanda udongo mgumu kwa mikono yote miwili. Ule wa kulia ulikuwa unabinya, unaachia, unabinya, unaachia. Mpira wa hospitali ulikuwa dirishani. Hakuna aliyeuambia.

Kesho yake Wifi Mkubwa alifika kabla ya kualikwa. Mlango ukafunguliwa. Shanga zilikuwa za feruzi kwelikweli, zote, mpaka zile za nyuma kabisa. Akazishika, akazinyanyua juani, akatafuta kasoro kwa bidii ya mtu aliyekuja nazo kutoka nyumbani kwake.

"Hii ndiyo rangi niliyosema," akatoa hukumu. Kisha akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. "Na wewe, unafanya nini hapo kama mtoto?"

"Natengeneza vizibo, dada."

"Tena?"

"Hivi ni vya kuzibia wakati wake ukifika."

Wifi Mkubwa akamtazama Fundi Shanga, Fundi Shanga akatazama ndoo. Kisha yule mkunga akachukua kizibo cha mti chenye ndege, akakitia mkobani bila kuomba.

"Nyumba ya bwana harusi ina upepo, mlango haukai," akasema. "Hiki kitauzuia."

Aliolewa Jumamosi, mkufu wa mizunguko miwili shingoni, na bwana harusi hakusikia nusu ya aliyoambiwa akaitikia yote.

Vizibo vya udongo vilipokauka vikachomwa vikawa tayari, Fundi Shanga alilaza shanga nyingine. Jioni akazima gesi. Mumewe alikuwa tayari kando ya tanuri, amesimama, kizibo cha tundu la juu kiko mkono wa kulia, ndege mpya kwenye kishikio, huyu naye shingo imepinda, kidogo pungufu ya yule wa kwanza.

"Sasa?" akauliza.

"Bado. Moshi wa mwisho utoke."

Akangoja. Mkono haukukiachia kizibo.

"Sasa?"

"Bado, Baba."

"Joto linatoka bure."

"Bado."