Mchanga Aliouanika Mama

Mwishoni mwa miaka ya tisini, muzungu mmoja alipanga chumba kwetu Nchelenge. Alichimba mchanga kwenye ukingo wa ziwa ili ajue ulifukiwa miaka mingapi iliyopita, akaufungia ndani ya mabomba meusi. Jua likiugusa tu, alituambia, miaka yake yote inafutika.

Mama hakuwepo aliposema hayo. Yeye alikuwa mkausha samaki, na kwake kitu kibichi kikifungwa kinaoza. Wala hakuwahi kungoja kuombwa msaada. Mgeni alirudi kutoka sokoni akakuta mchanga wake umeanikwa kwenye mkeka, kando ya samaki.

Alishika kichwa, halafu akacheka. "Mama, muchanga huu sasa umezaliwa leo."

"Basi iko mutoto," mama alisema, na mpaka jioni aliwafukuza kuku wasimkanyage.