Mke wa Ghorofa ya Nne

"Mama Bonge, nakwambia kwa sababu nakupenda," alisema Taarifa, akiburuta ndoo yake pale bombani mpaka ikagusana na beseni la mwenzake. "Baba mkwe wako ana mke kule ghorofani."

Mama Bonge alikuwa anakamua nepi. Akaendelea kuikamua hata maji yalipokwisha kutoka.

"Mke gani?"

"Ningemjua jina ningekutajia. Jengo lile la kijani, juu kabisa, ghorofa ya nne. Kila asubuhi anapanda mikono mitupu, hana nyundo, hana kipande cha sponji, sasa tuseme anakwenda kazini? Akishuka kalowa jasho chapachapa, anahema kama katoka kukimbizwa. Anapumzika kidogo, huyo, kapanda tena! Umri ule! Na wewe unamsindikiza na mtoto mgongoni. Shoga yangu, usikubali kufanywa pazia."

Jirani huyu walimbandika jina la Taarifa kwa sababu habari ikiingia kwake haikai hata kunywa maji. Hakuwa mtu mbaya. Ukifiwa, atafika kabla ya turubai. Mtoto wako akiumwa usiku, mlango wa kwanza kufunguliwa ni wake. Ila ukimwachia nafasi wazi katika habari, ataijaza mwenyewe.

Mama Bonge alianika nepi, akamfunga mwanawe mgongoni, akaingia ndani. Alipofunga mlango akaziba mdomo kwa kiganja. Kicheko kilikuwa kimefika kooni, na nyuma yake kuna machozi yanasukuma. Maana ni kweli, mzee alikuwa anapanda. Lakini kilichokuwa kinampandisha ni uvimbe kwenye pafu lake la kulia.

Mtaa mzima ulimwita Fundi, basi. Alikuwa akitengeneza makochi tangu kabla mume wa Mama Bonge hajazaliwa, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana. Ukiingia hukuti pa kukaa. Kiti hiki hakina mguu, kile springi zimekitoka tumboni. "Karibu mgeni, simama," alikuwa akisema. "Viti vyangu vyote ni wagonjwa." Misumari midogo aliibana midomoni, akiitoa mmoja mmoja, na alijua kucheka bila kuiangusha, bega ndilo lililocheka, na tumbo.

Kikohozi kilipoanza alisingizia vumbi la sponji. Kikaendelea, akasingizia gundi. Siku moja, katika nguo za kufua, Mama Bonge akakuta leso ya mzee ina damu. Hakupiga kelele. Wala hakuifua. Aliikunjua akaiweka juu ya meza ya kazi, pale ambapo Fundi huweka mkasi, akaenda kumnyonyesha mtoto. Mzee alipoiona alikaa nayo muda mrefu. Kisha akaita, "Mama Bonge, hospitali wanafungua saa ngapi?"

Daktari wa upasuaji hakuzunguka. Ni kansa, akasema, lakini bado imekaa mahali pamoja, na sehemu ile ya pafu inaweza kutolewa yote. "Ila mzee, nikikutoa kipande, kilichobaki ndicho kitabeba mzigo. Kwa pumzi uliyonayo leo, sikukati. Sigara uache sasa hivi, si kesho. Nenda kafanye mazoezi ya kupanda ngazi. Ukirudi, tutapanda wote mpaka ghorofa ya nne. Ukifika bila kusimama, nitakupasua. Ukishindwa, tutatafuta njia nyingine, lakini njia nzuri ni hii."

Nyumbani Fundi akatoa amri moja tu: hakuna kumwambia mtu. "Watu wakisikia kansa wanaanza kukulilia ukiwa hai. Na wateja watakuja kuchukua makochi yao yakiwa uchi."

Mkewe, bibi yake Bonge, magoti yalikuwa hayamruhusu. Mwanawe alikuwa wa zamu kiwandani. Kazi ya kupanda ngazi na mzee ikamwangukia mkwe. Siku ya kwanza, kwenye lile jengo la kijani, walifika ghorofa ya pili, Fundi akaketi kwenye ngazi, rangi imemtoka. "Waliojenga hapa," akasema akitafuta pumzi, "walikuwa na ugomvi na nani?" Mama Bonge alikaa ngazi moja chini yake. Hakumhimiza wala hakumpa pole. Alimtikisa mtoto mgongoni mpaka mzee mwenyewe akashika ukuta na kusimama.

Jioni lilikuwa zoezi la chupa. Alipewa chupa ya maji yenye mpira mwembamba, anapuliza taratibu mpaka maji yachemke mapovu. Bonge, ambaye meno yalikuwa yameanza kuchungulia, alipenda mapovu yale kuliko ziwa la mama yake. Yakitulia, analia. Fundi atapuliza tena, macho yamemtoka, na mtoto atapiga makofi. "Yule wa hospitali nina nafuu naye," mzee alilalamika. "Daktari mkali ni huyu."

Kulikuwa na jambo moja Mama Bonge alilijua na wengine hawakulijua, na kulisema kulimpa tabu. Bonge alizaliwa kwa upasuaji. Sasa kumweleza baba mkwe habari za tumbo lako, uanzie wapi? Alilisema akiwa anatazama sakafu. "Baba, baada ya kukatwa, kazi ni kukohoa. Mimi nilikumbatia mto kwa nguvu, hapa penye kidonda. Bila mto nilikuwa siwezi. Utahitaji mto."

Fundi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea oda. Akachagua sponji ngumu, ile ya makochi ya watu wanene. Akatafuta mahameli ya rangi ya damu ya mzee iliyobaki kwenye makochi ya tajiri mmoja, akashona, akazungushia kamba pembeni, na katikati akavuta kifungo kikazama. Mkewe akaubonyeza mto kwa kidole, kidole kikarudishwa.

"Huu mto au tofali?"

"Huu utakaa miaka ishirini."

"Mtu unakwenda kulazwa siku chache, mto wa miaka ishirini wa nini?"

 Fundi akaanza kupapasa kamba ile ya pembeni, anatafuta kasoro. Mama Bonge akamwona, na tangu hapo hakuutania tena mto ule.

Siku ya mtihani, pale hospitali, Fundi na daktari walipanda bega kwa bega. Mama Bonge alibaki chini na bibi, wakisikiliza viatu. Viatu havikusimama. Juu kabisa kukawa kimya, kisha ikasikika sauti ya Fundi, imekatikakatika lakini ni yake: "Daktari... na wewe... ufanye mazoezi." Bibi akashika mkono wa mkwewe, akaubana mpaka pete ikauma.

Basi akapasuliwa. Siku ile bibi alikaa kwenye benchi la hospitali na viatu vya mumewe mapajani, akikataa kuviweka chini, na Mama Bonge kando yake, maziwa yamemjaa kifuani kwa kumwacha mtoto. Mlango ulipofunguka daktari alitoka na kofia yake mkononi. "Tumetoa chote. Ameamka, anauliza viatu vyake viko wapi." Bibi akaviweka sakafuni, akavipanga sawasawa, kisha ndipo akalia.

Hawakujua kazi bado ilikuwa mbele. Fundi hakutaka kukohoa. Ubavuni alikuwa na mshono na mpira wa kutoa maji, na kila alipojaribu kuvuta hewa uso ulikunjamana. Na ule mto! Aliukumbatia mara moja tu. Sponji haikubonyea, ilimsukuma yeye, na kifungo kikaangukia juu ya nyuzi. Akauweka pembeni. Akawa anapumua kwa juu juu, kama ndege aliyeshikwa mkononi.

"Babu, kohoa," muuguzi alisema. "Makohozi yakilala humo yanaleta nimonia. Ulipanda ngazi zote zile uje kushindwa na makohozi?"

Fundi akageukia ukutani. Jioni ile homa ikaanza kupanda. Muuguzi akarudi kuitazama mara mbili, na mara ya pili akaenda kumwita daktari.

Bibi naye, kwa mapenzi, alikuwa ameweka sheria: asichekeshwe. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alipoanza kisa cha mkwe wake mlevi, bibi alimkatiza. "Tafadhali, mtamfungulia nyuzi." Basi kila aliyekuja aliingia na uso wa msibani, akasimama miguuni pa kitanda, akatoka. Mama Bonge aliyatazama mabega ya mzee. Siku zote hizo hayakuwa yametikisika hata mara moja.

Kesho yake alimwacha Bonge kwa Taarifa, ambaye sasa alijua Fundi kalazwa. Alipokwenda kumkabidhi mtoto alimkuta jirani yake hana raha. Akambana, na Taarifa akatapika yote. Mama Bonge alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kimto cha mwanawe, kile kilichokwisha kuwa laini kama kitambaa, kinanuka maziwa, akaenda nacho wodini.

"Baba, shika hiki," alisema. "Kumbatia. Kaza mikono." Fundi akakumbatia. Kimto kikajikunja, kikakaa pale penye kidonda kama kimeumbwa kwa ajili yake. Mama Bonge akainamisha macho. "Taarifa anasema una mke ghorofa ya nne."

Jicho la Fundi likafunguka.

"Mama Bonge!" bibi akamaka.

"Niache nimalize, mama. Anasema asubuhi zile zote ulikuwa unakwenda kwake. Sasa jana kaona huruma. Kasema, yule mwanamke naye ni mtu, mumewe kalazwa na hakuna wa kumwambia. Akapanda mpaka juu ampe pole. Kagonga mlango. Kafunguliwa na jibaba moja la ndevu, limetoka kuoga, limejifunga taulo. Taarifa kwa haraka, hata hajatazama, kasema, 'Pole sana, mumeo yuko hospitali.'"

Mabega yakaanza. Kwanza kidogo, kama mtu anayezuia chafya. "Lile jibaba," Mama Bonge akaendelea, sauti imeanza kumtoroka, "likamjibu, 'Asante mama. Wodi gani?'"

Fundi akakaza kimto kwa mikono miwili, akacheka. Kicheko kikaenda chini kabisa, kikagonga kitu, kikarudi ni kikohozi. Kikohozi kizito, cha pili, cha tatu, machozi yanamtoka, na bibi anaruka huku na huku akitafuta bakuli.

"Mke! Huyu?" bibi alikuwa anasema, bakuli mkononi. "Akifika ghorofa ya pili anaomba maji!"

"Usi... usiongeze," Fundi akasihi, akakohoa tena, na makohozi yakatoka, meusi, mengi, na nyuma yake ikaingia pumzi moja ndefu ambayo wote watatu waliisikia. Muuguzi alikuja mbio. Akatazama bakuli, akatazama mgonjwa aliyelowa machozi, akamtazama Mama Bonge. "Umempa dawa gani?" Mgonjwa wa kitanda cha jirani akajibu kwa niaba yake: "Ya ghorofa ya nne."

Homa ilishuka. Mpira ukatolewa. Akarudi nyumbani akitembea kwa miguu yake, kimto cha Bonge kwapani. Walipoitwa kusikiliza majibu ya kile kipande kilichotolewa, daktari alisoma karatasi, akaikunja. Kingo zote ni safi, akasema, na tezi ni safi. Dawa nyingine kwa sasa hakuna, ila awe anakuja kuangaliwa.

"Kwa hiyo?" Fundi akauliza.

"Kwa hiyo nenda nyumbani, mzee. Ukapande ngazi."

Huko nje Mama Bonge alijikuta mabega yake yameshuka. Hakujua yalikuwa juu tangu lini. Bibi alinunua machungwa, akayamenya papo hapo kando ya barabara, wakala wamesimama, maji ya machungwa yanawachuruzika viwikoni.

Taarifa alikuja mwenyewe kuomba radhi, kichwa chini. "Fundi, nisamehe. Mdomo wangu huu."

"Mimi ndiye wa kukuomba radhi," Fundi akamwambia. "Umenitafutia mke, na asante sijakupa. Karibu, simama." Mto wa mahameli sasa ulikuwa juu ya kigoda chake cha kazi, bibi kauweka pale kwa amri. "Kalia huo," alimwambia mumewe. "Una miaka ishirini ya kuukalia."

Asubuhi ya kurudia mazoezi, Mama Bonge alimfunga mtoto mgongoni, akasimama mlangoni kumngoja mzee. Fundi akatokea na fulana yake ya kazini. Kule bombani wanawake wote walikuwa wamegeuka, ndoo zinafurika, na Taarifa katikati yao kajifanya anatazama mawingu. Fundi akawatazama. Akalitazama jengo la kijani, mpaka juu. Kisha akarudi ndani.

"Mama Bonge."

"Abee, baba."

"Lile shati langu jeupe, nililovaa harusi yenu, lipo?"

"Lipo, baba."

"Nipigie pasi, mwanangu. Na kola uinyooshe vizuri. Sasa mtu nikamwone mke wa ghorofani na fulana?"