Ugo wa Minyaa

Mimi miti ya hotuba siiamini. Kila msimu wa mvua hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, lori huja kutoka Mbarara limejaa miche, wageni wanavaa fulana mpya, tunaambiwa kwamba tukipanda maelfu kwa maelfu mvua itarudi kama zamani. Picha zinapigwa, watu wanapiga makofi, na mwezi haujaisha mbuzi wameshalitafuna tumaini lote.

Marcienne, jirani yangu wa hapa kambini, mtaa wa Rubondo, aliamini. Yeye ni Mrundi wa Makamba, Mkatoliki wa rozari shingoni. Mimi ni Mkongo wa Fizi, mlokole, na miaka yote tumebishana juu ya Bikira Maria huku tukiombana chumvi. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Régis, aliyefia hospitalini Mbarara kwa ugonjwa wa figo ndevu zikiwa ndiyo kwanza zinaota. Tulimrudisha Rubondo tukamzika ukingoni mwa makaburi, chini ya kilima kitupu, kwa sababu ndipo nafasi ilipokuwa imebaki.

Siku hizi mvua imekuwa na hasira. Haiji inapongojwa, na ikija inakuja yote kwa pamoja, na maji ya kilima kile yanashuka moja kwa moja kaburini. Kila baada ya mvua Marcienne alikwenda na beseni la udongo kumfunika mwanawe upya, kama mama anayemvutia mtoto blanketi. Kwa hiyo kilima kilipochaguliwa kupandwa miti, sisi wengine tulikwenda kwa ajili ya sabuni iliyogawiwa. Yeye alikwenda kwa ajili ya mizizi.

Wageni walipoondoka, miti ikabaki mikononi mwake. Alipanda na kushuka na dumu la maji kichwani, jua likimchoma, hata nikamgombeza.

"Mama Régis, utakufa na jua! Ile miti iko mingi, na weye uko mutu moja."

"Mizizi ikishika, Mama Joël, udongo utakaa," alinijibu. "Mtoto wangu atatulia."

Na ilishika! Ikafika magotini, mimi mwenyewe nikaanza kupanda kilimani jioni kuitazama, nikijifanya natafuta kuni.

Balaa ikawa ng'ombe. Malisho ya Kabera, mfugaji mwenyeji, yamepakana na kilima, na ng'ombe wake hawasomi mabango ya wageni. Marcienne akafanya ambalo mwanamke yeyote wa kwao angefanya: alikata vijiti vya minyaa akavichomeka kuizunguka miti. Kwao Burundi nyumba isiyo na ugo wa minyaa ni sawa na mtu aliyetoka bila nguo. Ukichomeka kijiti kinaota chenyewe, na utomvu wake unachoma macho, ng'ombe hausogelei. Hakumwuliza mtu. Nani huomba ruhusa ya kuweka ugo?

Lakini kwa watu wa huku mstari wa minyaa una maana moja tu: hapa ni pangu. Kabera alikuja asubuhi na wanaume, ametulia kabisa, jambo lililoniudhi maana nilitaka kumchukia vizuri.

"Nyabo, nani alikupa hii kilima?" alimwuliza Marcienne, akimwita mama kwa lugha ya huku.

"Hakuna, baba. Nimekinga miti tu, ng'ombe wasile."

"Hii si kukinga. Hii iko mpaka. Baba yangu alipoteza shamba hivi hivi. Leo minyaa, kesho nyumba, halafu mimi ndiyo mgeni."

"Mtoto wangu amelala pale chini," Marcienne akasema, akionyesha.

Kabera alitazama pale chini. Akavua kofia. "Pole sana, nyabo." Kisha akawageukia watu wake: "Mutoe yote."

Waling'oa ugo, wakang'oa na miti, maana mti nao ni shahidi wa shamba. Vyote wakavitupa mteremkoni. Tulikwenda kulalamika ofisi ya kambi, na mkubwa aliyetupokea akatusikiliza vizuri sana. Alisema miti ni uhai, lakini amani na wenyeji ni kwanza, na atakayeonekana tena anaweka mpaka atahamishiwa kambi ya Oruchinga. Nilitoka nikinung'unika njia nzima.

Wiki kadhaa zikapita, mvua ikaja na hasira yake. Ilimega ubavu wa kaburi, msalaba tukaukuta mtaroni. Tulichokiona siku ile tulikifukia, na sitaki kukieleza.

Ila upande wa kichwani udongo ulikuwa haujasogea hata kidogo. Nilipochungulia nikaona sababu: kijiti kimoja cha minyaa, katika vile vilivyotupwa, kiliangukia pale kikaota.

"Mama Régis, angalia! Fasi hii haikubomoka! Minyaa yako imeishika!"

Alipiga magoti akaupapasa ule mmea kwa muda, taratibu. Kisha akaushika shinani kwa mikono miwili akaung'oa.

"Weye! Unafanya nini? Si ndiyo inamushikilia?"

"Wakiuona watasema nimerudi kuweka mpaka," alisema. "Watanihamisha, Mama Joël. Oruchinga ni mbali. Nani atamletea udongo?"

Alikung'uta mizizi juu ya kaburi mpaka udongo wote ukaanguka, akaifuta kwa vidole. Halafu akachukua beseni.