Mawe ya Shamba la Mama

Kwetu Waluguru shamba hufuata upande wa mama. La mama yangu, kule mlimani, lilijaa mawe meupe kiasi kwamba hakuna ndugu aliyewahi kuligombania. Maumivu ya magoti yamemshusha mama hadi Kihonda, mjini, lakini bado anataka azikwe kule.

Mimi ni mhadhiri. Kazi yetu chuoni ni kusaga mawe yapatikane udongo kama wa mwezini, tuuchanganye na plastiki laini, kisha mashine ichape tabaka juu ya tabaka mpaka utoke mpira wa kuziba mlango wa chombo cha anga, usipitishe vumbi la mwezini. Mawe ya mama ni ya aina ileile iliyoko huko mwezini. Nilipomweleza, aliuliza kama huko kuna mvua. Nikasema hakuna. Akasema basi nao wana shida zao.

Mjomba, mwenye kauli juu ya ardhi ya ukoo, hakusita. "Beba, mpwa wangu. Hata yote."

Nikabeba. Unga wa mawe ulipozidi, mpira ulikatika. Plastiki ilipozidi, tulipata soli ya ndala. Kila tulipokosea tulirudi mlimani kuchukua mengine, na tulikosea kwa bidii. Hatimaye kipande kikapindika bila kukatika. Nilifurahi hadi nikamnunulia mama kuku.

Wiki hiyohiyo mjomba akashuka Kihonda. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakataa chai, nikajua kuna jambo. Alisema shamba sasa ni laini, jembe linazama lote, na binti wa mama mdogo ameliomba. Ardhi hupewa anayelima, na sisi hatulimi.

Mama alinigeukia. "Yale mawe hayawezi kurudi?"

Nikamtolea kipande mkobani. Akakipinda, akakiachia, kikanyooka. Nilikasirika, na wa kukasirikiwa nilikuwa mimi tu.

"Huyu atalima," mama akamwambia kaka yake.

Mjomba akatazama viganja vyangu. "Lini?"

"Kesho," nikasema. Kesho yake nilikuwa na mtihani wa kusimamia.

Wanafunzi waliambiwa naumwa, na kufikia jioni ilikuwa kweli. Nililima shamba lote isipokuwa kona ya juu, kwenye migomba. Mama alishaniambia hapo ndipo pake pa kuzikwa, na mimi sikuwa tayari kupapiga jembe.