Gari Lililomkosea Mama Mkwe

Kwetu mkwe halali bomani kwa mama mkwe wake. Aje, ale, ashibe, lakini jua likizama awe njiani. Hilo halijadiliwi. Mama mkwe na mkwe wenyewe husalimiana kwa mbali kama watu wenye kesi. Mimi nyanya ndiye mwenye ruhusa: namtania mume wa mjukuu wangu nitakavyo, naye hana budi kucheka. Siku ile ruhusa hiyo niliitumia hadi ikaisha.

Alikuja kutoka Kisumu na mjukuu wangu, kutuletea salamu hapa nyumbani nje ya Bondo. Gari lake lilikuwa fupi hata kuku wangu walilichungulia kutoka juu. Kabla hatujaulizana habari, alishafungua boneti.

"Dani," akaniita, yaani nyanya, "hii injini haina pistoni. Pistoni ni mambo ya kizamani. Ndani kuna rota, kama pembetatu hivi, inazunguka tu. Laini!"

"Kinu changu cha kusagia mahindi kina pistoni," nikamwambia, "na kinalisha kijiji. Hiyo pembetatu inalisha nani?"

Akacheka. Angefanya nini?

Tukapumzika, tukaongea, chakula kikaiva. Katikati ya kula akagundua pua ya gari inatazama mlango wa mama mkwe wake, mke wa mwanangu. Yawa! Gari la mkwe limkodolee mama mkwe macho? Akaruka na mchuzi bado mikononi, akaliwasha, akaligeuza papo hapo, akalizima, akarudi kwenye samaki wake wa mbuta. Nikamsifu. Nikasema kijana huyu amelelewa.

Jua lilipoanza kuegemea ziwa, akaaga. Akawasha. Gari likalia kama mbuzi aliyesahauliwa juani, lakini halikushika. Akajaribu tena na tena, mpaka mbuzi mwenyewe akaanza kuzimia.

"Betri," akasema.

"Petroli mbaya," akasema fundi tuliyemwita kutoka Bondo, aliyefika na pikapu yake. Fundi akainama, akatafuta, akazunguka gari, akainuka na uso wa huzuni. "Mzee, pole. Nusu ya hii injini imeibiwa."

Pazia la mke wa mwanangu likatikisika. Sauti ikatoka dirishani, ikinielekea mimi, maana mkwe hawezi kuambiwa: "Mama, jua linazama! Huyo mtu akilala hapa, mimi nitaenda kulala wapi?"

Jasho likamtoka mkwe. Akampigia simu rafiki yake aliyemuuzia gari. Mjukuu wangu, ambaye nilimlea mwenyewe, akamnyang'anya simu akaiweka sauti ya juu ili boma lote lifaidike.

"Uliliwasha likiwa baridi ukalizima mara moja?" rafiki akauliza.

Mkwe akaitazama pua ya gari.

"Nililisongesha kidogo tu," mkwe akasema.

"Ndugu, si nilikukataza? Umeifurisha petroli! Rota zimeoshwa mafuta, hazibani hewa tena. Toa plagi uone."

Wakatoa plagi. Zilikuwa zimelowa kama vidole vya mtoto anayenyonya. Basi heshima ndiyo iliyoua gari! Nikamwambia mkwe kwa utani wetu, "Mume wangu, nimeona magari yakiuawa na mashimo na ulevi. Kuuawa na adabu ndiyo kwanza naona leo."

Rafiki akaendelea kuelekeza. Wakachomoa fyuzi ya pampu ya petroli, wakaunga betri na ya pikapu, wakazungusha injini bila plagi. Petroli ikatemwa nje kwa kishindo. Wakafuta plagi. Kisha ikatakiwa oili kidogo ya kudondosha kwenye matundu ili rota zibane.

"Dani, kuna oili hapa?"

"Ipo ya kinu. Lakini ina harufu ya pistoni. Pembetatu zako hazitakasirika?"

"Dani, tafadhali."

Sijawahi kusikia tafadhali tamu kama ile. Nikaleta. Wakadondosha, wakarudisha plagi na fyuzi. Jua lilikuwa limebaki ukucha. Mkwe akakanyaga, akazungusha. Gari likakohoa, likapiga chafya, halafu likanguruma na kutoa moshi mweupe hata sikuona nyumba yangu mwenyewe. Kuku wakapanda mtini.

"Usizime!" rafiki akapiga kelele simuni. "Ukizima kabla ya kushika moto, umekwisha! Nenda!"

Mkwe akaenda. Akapita lango kama mwizi, hakumuaga mtu. Moshi ulipopungua, tukamwona mjukuu wangu amesimama uani, mkoba begani, simu ya mumewe mkononi, na kuku wa kukaanga wa kula njiani amefungwa kwenye karatasi.

Dirishani mama yake akashusha pumzi. "Atalala nje ya boma. Asante Mungu."

Mimi nikamfungua yule kuku. Mjukuu akachukua paja, mimi kidari, na tukalala vizuri sana.