Sebule ya Uyoga

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikishuka hadi sokoni Kwa Sadala, jioni nasema nimechoka na safari. Kwa hiyo nilipofundishwa kulima uyoga mamama, ule mweupe mpana tulioambiwa Wachina na Wajapani wanautia kwenye supu, nilijua nimepata zao la kufanana nami: linapenda kivuli, unyevu, na kuachwa peke yake.

Niliagiza mabua ya mpunga kutoka Chekereni, nikayachemsha kwenye pipa, nikayapakia na mbegu kwenye mifuko ya nailoni na kuining'iniza sebuleni. Viti nilivitoa nje. Nani angevikalia?

Aliyekuwa akivikalia ni mmoja tu: mama jirani, mjane, aliyeniletea maziwa kila asubuhi kisha akakaa nusu saa kunisema. "Umri huu bado unajimenyea ndizi, baba? Hata sufuria inakuonea huruma."

Mwalimu wetu wa uyoga alikuwa ametuonya kwamba ukungu wa kijani huja na viatu na nguo za watu, hasa waliotoka kwa mifugo, na ukishaingia mifuko yote inaoza. Basi asubuhi moja, mama jirani akiwa mlangoni na chupa yake, nikamwambia, "Shikamoo mama. Samahani, usiingie. Umetoka zizini."

Akaitazama miguu yake. "Marahaba," akasema. Akaweka chupa chini, akaondoka.

Kuanzia kesho yake maziwa nilikuta yametundikwa getini. Uyoga nao ukachanua sebule nzima, safi, hakuna hata doa. Niliukaanga kwa kitunguu, nikala nimesimama, nikajisifia kwa sauti. Hakuna aliyebisha.

Wiki ya tatu nikamvizia getini na bakuli la uyoga.

"Mama, karibu ndani."

"Mimi na mavi yangu ya ng'ombe? Nitakuulia wageni wako."

"Waache wafe, mama."

Akacheka kidogo, akapokea bakuli. "Siku nyingine, baba. Ng'ombe hawajakatiwa majani."

Nilijua majani alikata tangu alfajiri. Nilimwona akipita na mzigo. Hata hivyo nikarudi nikafungua mlango wa sebule wazi kabisa, nikauegemeza kwa jiwe, nikangoja hadi jua likazama. Waliingia kuku tu, wakaanza kudonoa mfuko wa chini. Sikuwafukuza.