Tumbo Langu Lilivyonifanya Mjomba wa Watu Korogwe

Jamani, hii habari nilikuwa nimeapa kufa nayo, lakini kwa kuwa Korogwe wanaijua, na Handeni imeshafika kupitia kwa makondakta wa mabasi, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, bora niiseme mwenyewe. Ni aibu, sikatai. Mtu mzima kama mimi, mwenye mashine tatu za kusaga na Fuso, nimelizwa na kuliliwa kwenye msiba wa watu ambao hata jina la marehemu nilikuwa silijui.

Kwanza mnijue. Shule niliishia darasa la nne, Kiingereza changu ni kile cha kwenye makopo ya rangi, lakini pale Handeni ukiuliza Mhina wa Mashine hata mbuzi watakuonyesha njia. Nilianza na baiskeli, nabeba mahindi kutoka vijijini mpaka sokoni, na leo wenye digrii zao wanapanga foleni kwangu na ndoo za mahindi. Sasa nilivyofanikiwa mimi, tumbo nalo likafanikiwa. Likafanikiwa mpaka likapitiliza, kamba za viatu nafungwa na mke wangu, nikipanda ngazi napumua kama Fuso linapanda Lushoto na mzigo, presha juu, magoti yanalia. Nikaenda Dar, nikafanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo. Siyo kupasuliwa kama mbuzi, hapana, wanatoboa vitundu vidogo, wanaingiza vyombo vyao na kamera, wanalikata tumbo la chakula, wanakuachia kipande kama ndizi. (Ndizi, ndiyo. Mimi niliyekuwa namaliza kuku mzima na sinia la ubwabwa.)

Siku ya kutoka hospitali nesi akaniambia, "Baba, mazoezi utarudia taratibu. Anza na kutembea, kukimbia mpaka tukuruhusu. Na vinywaji vya sukari uviogope, ukivigida vitakukimbiza wewe."

Nikamwitikia, ila sikumsikia.

Miezi ikaenda, nikapungua, suruali zote zikahamia kwa mdogo wangu. Nami nikategemea sifa. Thubutu! Kwetu bosi akikonda hasifiwi, ananong'onwa. Wengine wakasema nimefulia, wengine wakasema naumwa ule ugonjwa wao wanaoujua. Nikawa nasema ukweli kila kijiwe, "Nimekatwa tumbo jamani, kwa hiari yangu!" Wananiitikia, "Sawa mzee, pole sana," halafu wanatazamana. Nani atakubali kwamba mtu amejijengea tumbo kwa jasho lake miaka yote, halafu akaenda mwenyewe kulivunja?

Ningewaacha na maneno yao, lakini yakafika Korogwe, na Korogwe ndiko mwanangu Rajabu alikokuwa ameposa. Baba wa binti ni Mzee Hoza, Mshambaa wa Mpale aliyehamia mjini, mwembamba kama fimbo, magoti ya milimani yale hayajui kuchoka, na ndiye kiongozi wa watu wanaokimbia jogging pale kila Jumapili. Posa ikakwama. Nikampigia simu, akaniambia kwa upole wake, "Mkwe, kijana simkatai. Ila nasikia afya yako imeyumba. Sitaki mwanangu aingie kwenu leo, kesho aanze kuuguza." Nikamwambia mimi ni chuma. Akasema, "Basi njoo Jumapili, tukimbie kidogo, tuongee."

Nikajua huo ni mtihani, na mimi mitihani ndiyo iliyonitoa shule.

Mke wangu akanikumbusha, "Baba Rajabu, nesi alisema utembee." Nikamjibu, "Nesi hana mtoto wa kuoza." Nikanunua traki suti nyekundu yenye mistari myeupe na raba za kung'aa gizani, Jumamosi nikalala gesti Korogwe, asubuhi nikapiga hodi kwa Mzee Hoza nikiwa naruka ruka mlangoni kama bondia.

Mama mwenye nyumba akaniletea chai ya maziwa, kikombe cha bati kile kikubwa, imekolea sukari mpaka kijiko kinasita kuzunguka. "Kunywa mkwe, usikimbie tumbo tupu." Nikakitazama. Mzee Hoza naye akanitazama. Nikafikiria: nikikataa, tayari, mgonjwa huyo hata chai haipiti. Nikainywa. Na ningeishia hapo labda ningepona, lakini mimi na sifa tulizaliwa siku moja, nikafuta midomo nikasema, "Mama, chai tamu hii, niongeze."

Akaniongeza.

Tukatoka. Filimbi mbele, vijana wanaimba, akina mama wa jogging nyuma, mimi mstari wa kwanza bega kwa bega na mkwe. Mwanzo nilikuwa nachangia hadi kiitikio. Nikamwambia, "Mkwe, huu ndio mwendo wenu? Kwetu huu tunaendea sokoni." Akacheka. Tulipokuwa tunaingia Manundu, ile ndizi ikajibu. Jasho la baridi likanitoka, moyo ukaenda mbio kuliko miguu, macho yakaona nyota asubuhi kweupe, na huku chini (samahanini mnaokula) mambo yakaanza kushuka bila kuomba ruhusa.

"Mkwe, upo?" akauliza Mzee Hoza.

Nikachomoka. Nikampita mkwe, nikampita mpuliza filimbi, nikasikia vijana wanashangilia nyuma, "Mzee wa Handeni balaa! Mwacheni aende!" Hawakujua kwamba hayo siyo mazoezi, hiyo ni safari ya choo. Nikakata kona, nikaona nyumba ina turubai uani na watu wengi wamekaa kwenye viti na mikeka. Hesabu yangu ilikuwa moja tu, penye watu wengi pana choo. Kwa nini wamekaa kimya asubuhi ile sikujiuliza. Nikaingia nimejikunja, nimeshika tumbo kwa mikono miwili, machozi yananitoka, napiga kelele, "Tumbo langu! Jamani, tumbo langu!"

Sasa Kiswahili mnakijua. Mtu akiingia msibani analia tumbo, nani atafikiria la chakula? Tumbo ni undugu, tumbo moja, mama mmoja. Na pale alikuwa amefariki bibi mmoja mzee, na mazishi yalikuwa yanamsubiri mdogo wake, mwanamume pekee aliyebaki kwenye tumbo lao, aliyehamia huku kwetu Handeni zamani na hakuonekana tena.

Mzee mmoja wa kanzu akanidaka. "Pole baba, pole. Umetokea wapi?"

"Handeni! Mzee wangu, naomba..."

Sikumaliza. "Ndiye! Ndugu yake wa tumbo moja amefika!"

Kilio kilichopigwa pale sijapata kukisikia. Akina mama wakatoka ndani kwa mkupuo, mbele yao binti wa marehemu, mama mwenye mwili wake hasa, akanikumbatia kiunoni, yaani pale pale pasipotakiwa kuguswa. "Mjomba! Mjomba, umechelewa! Mama amekuulizia mpaka mwisho!"

"Mama, niachie, tumbo..."

"Ndiyo mjomba, tumbo lenu umebaki peke yako!"

Akanibana zaidi. Nikasikia mwingine nyuma, "Jamani mjomba alivyokonda! Si alikuwa kibonge yule?" Akajibiwa, "Majonzi hayo, mwenzangu." (Nawaapia, toka nipungue ile ndiyo sababu ya heshima ya kwanza kupewa.) Nikajaribu kujinasua, wakaona nataka kujirusha chini kwa uchungu, wanaume wanne wakanishika. "Subira, baba! Muombee dua, usimlilie hivyo!" Mmoja akapaza sauti, "Mleteeni maji ya sukari, ataanguka!"

Maji ya sukari. Nikafumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa, wakanibembeleza, bilauri ikagonga meno, nusu ikapita. Kisha nikasikia, "Mpelekeni ndani akamwone dada yake," nikaanza kuburutwa. Mlangoni nikasimika raba zangu za kung'aa, nikamvuta yule mzee wa kanzu, nikamwambia sikioni, "Mzee wangu, kwa heshima yote, nimebanwa. Choo."

Mungu amweke yule mzee. Akanitazama, akaelewa, akatangaza kwa sauti ya msikitini, "Mpisheni! Anataka kutawadha kwanza!"

Wakanipisha. Nikasindikizwa na watu wawili na birika la maji, wakasimama nje ya mlango wa bati wasije wakaniacha na huzuni yangu. Kilichotokea mle ndani siwaandikii. Niseme tu wale wawili walikuwa wananiambia pole, pole, halafu wakanyamaza kabisa, halafu mmoja akasema polepole, "Huyu bwana kaumia kweli."

Nikiwa bado humo nikasikia filimbi. Jogging nzima imefika, na sauti ya Mzee Hoza inauliza, "Samahanini wafiwa, hamjamwona mzee wa traki suti nyekundu?"

"Mjomba? Yupo chooni, anatawadha."

"Mjomba wa nani?"

Nikatoka. Na wakati natoka, bodaboda ikasimama, akashuka mzee mnene, tumbo kama langu la zamani, kofia mkononi, analia kimya kimya. Mzee wa kanzu akamtazama yeye, akanitazama mimi. Uwanja mzima ukanigeukia. Binti wa marehemu akashika kiuno.

"Haya, na wewe ni nani?"

Niwaambie nini? Uongo wote niliokuwa nao ulishatoka. Nikapandisha traki suti juu, nikawaonyesha makovu yangu madogo na ngozi inayoning'inia kama pazia. "Naitwa Mhina. Nimekatwa tumbo, siumwi, nimepunguzwa. Nimekuja kuoza mwanangu, nikapewa chai, nikanywa mara mbili. Nisameheni, nilikuwa natafuta choo."

Bibi mmoja kwenye mkeka akasema, "Yaani machozi yetu yote tumemlilia mharishaji!" Nikamwona yule mjomba wa kweli bega linatikisika, nikajua analia, kumbe anacheka, tumbo linaruka, machozi bado yapo mashavuni. "Dada yangu," akasema, "dada yangu huyu angecheka wiki nzima." Basi, uwanja wote ukaangua, akina mama kanga midomoni, hata yule aliyenibana kiuno.

Sikuondoka. Nimeshaliliwa kiasi kile, ningeondoka vipi? Nilienda gesti kubadilisha nguo (msiulize kwa nini), nikarudi, nikabeba jeneza zamu yangu mpaka makaburini. Mzee Hoza alikuwa pembeni yangu, hakusema neno kutwa nzima, na mimi moyoni nikawa nimeshamuaga binti yake, nawaza Rajabu nitamwambia nini.

Wakati tunarudi ndipo akafungua mdomo. "Mkwe, mimi nimekulia milimani, wakimbiaji nawajua. Ulivyochomoka pale Manundu, sijaona mtu wa rika letu akikimbia vile. Mgonjwa hana mbio hizo. Waambie wazee wako walete mahari."

Nilitaka kujisifu kidogo. Nikaona ninyamaze.

Harusi imepita, wamekaa vizuri. Mimi asubuhi natembea tu, polepole kama nesi alivyosema, wanafunzi wa shule wananipita na mabegi yao, nawaacha wapite. Chai nakunywa ya rangi, kavu, kwa yeyote, hata akinuna. Na nimeapa kitu kimoja: nikibanwa sitamki tumbo tena mbele za watu. Nasema naharisha, jamani, choo kiko wapi, hata kama aliyekaa mbele yangu ni mkuu wa wilaya.